Kizibo cha Chini ya Bahari

Ndoo ya maji jikoni kwa Habibu, huko Miyuji, ilianza kutokota adhuhuri, na jiko halikuwa limewashwa. Munira, mkewe, alidhani ni jua la Dodoma tu. Likiamua kukukaanga, huulizi maswali. Lakini hii harufu ya mayai viza? Na huu upepo wa chumvi, mahali ambapo bahari hufika ikiwa dagaa?

Habibu aliijua harufu ile. Mwezi uliopita, yeye Mrangi wa Kondoa anayeogopa hata bwawa, alikuwa melini na watafiti wenzake, wakiongoza roboti iliyozama kilomita tatu hadi kwenye volkano ya tope, kilima cha chini ya bahari kinachocheua matope na gesi. Mkono wa roboti ulichomoa bonge la udongo mdomoni mwa kilima. Habibu akamega kipande, akakikausha, akaja nacho nyumbani kujitapa kwa wageni.

Alikimbilia kabatini. Sahani ilikuwa tupu.

"Munira, udongo wangu uko wapi?"

"Ule wa kijivu? Si uliniletea mimi?" Munira alishika tumbo lake la miezi saba. "Nikasema leo mume wangu kanikumbuka, kaniletea udongo wa wajawazito. Una chumvi, mtamu! Nimeumaliza."

"Mama wee!"

Munira akacheka. Kicheko kikabubujika kooni kama tope.

Shehe Uwesu aliletwa kutoka Chang'ombe, akasoma dua mpaka sauti ikamkauka, na kadiri alivyosoma ndivyo maji yalivyochuruzika kutoka kwenye nywele za Munira, yakatambaa sakafuni, baridi, meusi, yakawazunguka miguu, hadi mdomo wake ukafunguka na sauti nzito ya kiume ikatoka bila midomo kutikisika.

"Mumewe amechomoa kizibo cha nyumba yangu."

"Kimeliwa, bwana mkubwa," Habibu alinong'ona. "Nitakuletea kingine. Hata lori zima, udongo mwekundu wa Kondoa."

"Changu kimeshaota vidole. Nitasubiri."

Maji yakakauka. Munira akalala, akikoroma kama kawaida yake.

"Shehe, katoka?"

"Kwa mkeo katoka," Uwesu alijibu, akitafuta viatu vyake bila kumtazama.

Habibu akapiga magoti, akaweka sikio tumboni. Moyo wa mwanawe ulikuwa ukipiga, mwepesi, mzima. Akatabasamu. Kisha, nyuma ya mapigo yale, akasikia pumzi nyingine, ndefu, ya mtu aliyekaa kusubiri mlango ufunguliwe.