Kichwa Kilichofuatwa na Kamera

Haya yalimkuta rafiki yangu Lachlan, hapa hapa mjini Dubbo, Australia, naye si mtu wa kutunga mambo. Bandani kwake alikuwa na skrini tatu za mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, akamwita shemeji yake, Brett, amfungie kamera inayofuata kichwa: ukigeuka, picha nayo inageuka. Hawakuwa wakipatana. Jua la mchana liliichanganya kamera, basi wakaziba madirisha ya banda kwa mablanketi, giza totoro likatanda.

"Geuza kichwa, siyo mabega, bwege wewe!" Brett akafoka.

"Nifokee tena, shemeji, utatoka hapa huna meno."

Lachlan akavua kofia yenye vitaa vinavyoiongoza kamera, akavizima, akamfuata Brett mlangoni wakamalizie ugomvi nje. Nyuma yao kiti cha ngozi cha mbele ya skrini kikalia, kama kimekaliwa na mtu. Wakageuka. Kwenye skrini, picha ilikuwa ikitazama kulia, kisha kushoto, taratibu.

"Acha mchezo wako," Lachlan akanong'ona.

"Sijagusa kitu."

Picha ikazidi kugeuka hadi upande wa mlango waliposimama, ikatulia. Kiti kikalia tena. Kisha picha ikaanza kupanda, polepole, kama macho ya mtu anayeinuka.