Bakuli la Kijani la Ukumbini

Kijijini kwetu Kelsby tulikuwa watu thelathini na mmoja. Treni ilishaacha kupita, ghala la nafaka lilishabomolewa, shule ilishafungwa. Kilichobaki ni ngano pande zote nne, posta ya siku mbili kwa wiki, na ukumbi. Zamani ukumbini tulichezea harusi. Siku hizi ni misiba tu.

Mtu akifa, wanawake huleta chakula: mikate ya mayai, saladi ya viazi, wali uliofungwa kwa majani ya kabichi, keki za matunda. Kufa kufaana, hata waliokuwa hawasalimiani na marehemu walikula wakashiba. Kazi yangu mimi, Verna, ilikuwa majina. Kila chombo kilichoingia nilikibandika plasta chini na kuandika jina la mwenyewe kwa maka peni, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Baadaye tunaosha, tunapanga mezani karibu na mlango, kila mtu anageuza na kuchukua chake. Chombo cha mtu hakikai kwako, na ukimpelekea nyumbani kwake hakiendi kitupu. Hiyo ndiyo sheria yetu, na tunaishika kuliko za serikali.

Mwezi wa Machi tulimzika Alma Kostiuk. Watu walipochukua vyao, likabaki bakuli moja. La kioo, la kijani, zito. Sikukumbuka kuliona likiingia. Nikaligeuza nikasoma: Roman Stadnyk. Mwandiko ulikuwa wangu.

Tulicheka, mimi na dada yangu Lavonne. Roman alikuwa kapera, fundi wa matrekta, hajawahi kuchemsha hata yai. Nilimpelekea karakanani. Alisema halijui, labda ameoa bila kuarifiwa. Lakini alilipokea, maana kwetu ni aibu kukataa chombo chenye jina lako mbele ya aliyekileta. Wiki tatu baadaye jeki iliteleza, trekta likamlalia.

Kwenye msiba wake bakuli lilikuwepo mezani. Nyumba ya Roman ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwangu. Safari hii jina lilikuwa la Gladys Bruhn wa posta. Gladys alisema si lake, ila hataki maneno, akalitia kwenye mfuko wake. Juni moyo wake ulisimama akiwa anapanga barua.

Siku ya kumzika Gladys niliosha vyombo kimyakimya. Nilikuwa nimemaliza. Nikatia mkono kwenye povu kutoa kizibo, nikagusa kioo. Nikalitoa, nikaligeuza.

Lavonne.

Mama alikufa nikiwa na miaka sita, Lavonne ana kumi na minne. Alinisuka nywele, alikata koti lake kunishonea langu, aliacha shule mimi niendelee. Sikuolewa, sikuzaa. Nilikuwa na yeye tu. Wakati ule alikuwa anakuja kutoka upande wa pili wa ukumbi, koti mkononi, kuchukua sahani zake. Nililiingiza bakuli chini ya aproni.

"Mbona umepauka?" akauliza.

"Maji ya moto, dada."

Nyumbani nilibandua plasta. Ilitoka kirahisi. Nikalipiga bakuli nyundo mara tatu. Mpini wa nyundo ulivunjika. Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Asubuhi plasta ilikuwa imerudi, na jina la dada yangu juu yake. Nikabandua tena. Likarudi tena. Siku ya tatu nilibandika plasta mpya, nikaandika jina jingine.

Hilo halikutoka.

Nilitegemea kulia. Sikulia. Mwili wote ulikuwa ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Nilipika supu ya maharage, nikaijaza bakulini, maana chombo hakiendi kitupu. Nikatembea nalo mchana kweupe hadi kwa Thorvald Eklund.

Mzee Thorvald alikuwa na miaka tisini na mitatu. Mwaka wa pili huo alikuwa kitandani, na kila aliyemtembelea alimwambia amechoka kungoja. Hilo ndilo nililojiambia njia nzima. Nilimwekea mto mgongoni. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akapapasa chini yake kwa kidole gumba. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, ila habari za bakuli la Roman na Gladys zilishamfikia. Kidole kilisimama kwenye plasta.

"Umeniandika," akanong'ona.

Nilimtandikia kitambaa kifuani.

"Lilikuwa la nani?"

"La Lavonne, mzee."

Nje upepo ulikuwa unalaza ngano.

"Basi lete kijiko," akasema. Alipokula nusu akaniuliza, kwa sauti ya chini zaidi, "Na likikurudia, Verna? Utampelekea nani tena?"

Nilimfuta kidevu. Siku ya nne alikufa.

Kwenye msiba wake niliandika majina kama kawaida. Watu ishirini na saba. Niliosha, nikapanga. Lilipobaki peke yake mezani sikushtuka. Nililigeuza. Plasta ilikuwa mpya, nyeupe. Haikuwa na jina.

Maka peni ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikainua macho nikawatazama wote, wakinywa kahawa, wakiongelea mvua. Nikajikuta nawapitia mmoja mmoja. Yule anakohoa. Yule watoto wake hawaji kumwona. Yule hapendwi na mtu. Sikuona aibu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuona aibu.

Nililibeba nyumbani nikaliweka juu ya kabati bila kuandika kitu. Mavuno yakapita. Theluji ikaanguka. Hakuna aliyekufa. Watu wakasema mwaka huu hewa ni nzuri. Mimi kila asubuhi nilimpigia simu Lavonne, na aliposema "haloo" nikakata. Alidhani simu yake ni mbovu.

Juzi niliamka vidole vya mkono wa kulia vikiwa vyeusi kwa wino. Nilisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa jiwe. Havikutakata. Bakuli lilikuwa juu ya meza ya jikoni. Sikuligeuza. Nilikaa mbele yake siku mbili.

Leo saa nne asubuhi Lavonne alikuja, akakung'uta theluji mlangoni, akaliona.

"Wewe, hili si lile la ukumbini? Chombo cha watu kinakaa kwako miezi sita, huoni haya?"

"Liache, dada."

Alishaligeuza. Alisoma. Akasoma tena. Akatazama vidole vyangu, kisha uso wangu. Labda aliyajua yote siku ile ya maji ya moto, sijui. Aliniinamia akanikumbatia kwa muda mrefu, na sisi si watu wa kukumbatiana. Nilisikia ukucha wake ukikwaruza kitu nyuma ya mgongo wangu, taratibu. Kisha akafunga koti. Bakuli lilikuwa chini ya koti.

"Nilishakulea," alisema. "Siwezi kuanza kukuzika."

Mlango ukafungwa. Mezani palibaki kipande cha plasta kilichokunjwakunjwa. Nimekikunjua. Jina ni langu, na mwandiko ni wangu.

Dirisha langu linaona kijiji kizima. Nchi yetu ni tambarare, hakuna kinachojificha. Lavonne amesimama katikati ya barabara, kifua kimetuna chini ya koti, na anatazama nyumba moja baada ya nyingine.

Ningeweza kufungua mlango nikamwita. Simwiti.