Pikapu ya Kumpokea Mchumba

"Mabegi mengine yako wapi?"

Ndiyo salamu aliyopewa binti alipotoka uwanja wa ndege. Miaka miwili alikuwa ughaibuni, anajitolea katika nyumba ya kulelea wazee, anawaogesha, anawalisha. Mshahara hakuna, anapewa chumba na posho ya chakula. Leo karudi kuolewa, na mgongoni ana begi moja.

Aliyeuliza ni mchumba wake. Mtaani wanamwita Bosi, ingawa hajawahi kuajiri hata kuku. Kaja na mama yake, shangazi yake, na pikapu ya kukodi yenye turubai na kamba za kumfunga tembo na mwanawe.

"Begi ni hili tu," binti akasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Friji inakuja na meli?"

"Friji gani, mama?"

"Na mashine yangu ya kufulia je?" shangazi akadakia. "Mwenzio nimeshauza kabati nipate kona ya kuiweka!"

"Shangazi, mimi silipwi. Nilikuwa najitolea. Nafanya kazi bure."

Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mtu apande ndege kufuata kazi ya bure! Kwani bure hapa nyumbani imeisha?"

Mama mkwe hakucheka. "Mwanangu aliniambia unalipwa kama daktari."

"Bosi, waambie ukweli."

Bosi akakagua kucha zake. "Hata mimi ndiyo nasikia leo."

Lo! Binti akatoa simu, akasoma kwa sauti ujumbe wa mwaka jana:

"Mpenzi, mama asijue hulipwi, atakataa ndoa. Wewe nitumie hiyo posho, nitamwambia ni chenji ya mshahara."

Jasho likamtoka Bosi mpaka soksi zikalowa, wallahi.

"Kumbe alijua," mama mkwe akasema.

Binti akashusha pumzi. Maskini, alidhani kesi imeisha.

"Alijua, akakusitiri. Na wewe miaka miwili hujaleta hata kijiko! Toa pete ya mwanangu. Ikigoma, tutatafuta sabuni."

Binti akamgeukia Bosi. "Na wewe unasemaje?"

"Mama akishasema, mimi ni nani?"

Pete haikugoma. Binti alifungua tu uzi alioizungushia isidondoke. Nusu ya posho ya chakula ilikuwa inakuja kwa Bosi kila mwezi. Kidole kimebaki njiti ya kiberiti.

"Hata nyama hana!" shangazi akasonya.

Dereva akapiga honi. "Jamani, tunapakia nini?"

"Kaka, umeshalipwa?" binti akamuuliza.

"Jana. Bwana huyu kalipa yote, mpaka nyumbani."

Binti akamwonyesha ujumbe wa juzi: "Mpenzi, nitumie hela ya gari la kukupokea."

Na chini yake, jibu la binti: "Nimetuma. Ndiyo ya mwisho niliyobaki nayo."

Dereva akasoma. Akamtazama Bosi kuanzia utosini hadi kwenye soksi. Kisha akashusha kamba, akashusha turubai, akavirundika miguuni pa shangazi. Akafungua mlango wa mbele.

"Karibu, dada. Twende wapi?"

"Kwa mama yangu."

"We mtoto!" mama mkwe akapayuka, pete mkononi. "Na sisi tunarudije?"

Binti akafunga mlango, akateremsha kioo.

"Tembeeni, mama. Ni bure."