Posho ya Kaskazini

Amri ilimfikia saa sita kasoro dakika kumi mchana, kupitia kifaa kidogo kilichofichwa sikioni.

"Lori la pili lisitoke. La kwanza lipatikane."

Ilikuwa sauti ya Dominiki, mkuu wa operesheni, aliyeketi katika nyumba ya kupanga mtaa wa Morningside. Valérie Nimbona aliisikia huku mikono ikiwa kazini. Alikuwa akisonga ugali wa watu arobaini waliosubiri lori la pili la kwenda machimboni, ndani ya ghala moja la Clairwood, upande wa viwanda wa jiji hilohilo, na bastola yake ya Glock ilikuwa chini ya aproni.

Majasusi wengine hupewa gari. Yeye alipewa mwiko.

Dominiki alieleza kwa ufupi. Mkemia mmoja wa Isipingo amekiri kumuuzia Gustave, mwenye ghala, sumu isiyo na ladha wala harufu. Waliomtuma Gustave ni wageni wanaotaka machimbo ya dhahabu ya kaskazini yabaki bila wachimbaji wadogo. Sumu imo katika posho. Katika kitu gani, mkemia hajui. Lori la kwanza, lenye watu ishirini na wawili, limeondoka asubuhi kwa njia isiyojulikana.

Nimbona alitazama mizigo iliyopangwa ukutani. Sululu, koleo, karai la kuchekechea mchanga, taa ya kichwani aina ya Petzl, mabuti ya mpira. Kisha vyakula: unga, dagaa wakavu waitwao ndagala, mafuta, sukari, chumvi.

Kinyozi mmoja, Pontien, alikuwa amekwisha kuvaa taa yake mchana mweupe. Aliwakumbusha wenzake kwamba Mrundi hapokei chakula ambacho mtoaji hajakionja.

Gustave alikuwa Mkongo, lakini desturi hiyo aliijua, na aliitimiza kwa adabu. Alimega ugali. Alitafuna ndagala. Alilamba sukari, akanywa kijiko cha mafuta.

"Munaona, bapapa? Niko muzima."

Watu arobaini walipiga makofi. Imani yao iligharimu kijiko kimoja cha mafuta.

Nimbona alipiga makofi pamoja nao. Ndipo alipoona.

Ugali hautiwi chumvi. Ndagala walikaushwa na chumvi yao. Hakuna aliyekulia kwenye ugali ambaye angedai chumvi ionjwe peke yake. Pakiti arobaini za chumvi zilikuwa bado zimefungwa, na Gustave hakugusa hata moja.

Alipasua parachichi, akalinyunyizia chumvi iliyotoka katika mkoba wake mwenyewe. Kisha alirarua pakiti moja ya Gustave, akaikunja, na kumpelekea sahani ofisini.

Gustave alikula bila shukrani, macho yakiwa kwenye simu.

Nimbona alifunga mlango. Aliweka pakiti iliyoraruliwa mezani.

Gustave aliacha kutafuna.

"Maman, hii chumvi umetosha wapi?"

"Mu mizigo yako, patron."

Mkono wa Gustave ulikwenda kwenye droo. Glock ilitangulia. Pingu ikafuata, kwenye mguu wa meza.

"Hospitali iko dakika kumi," Nimbona alisema. "Lori ya kwanza iko wapi?"

Gustave alisema yote. Barabara ya Ladysmith, Isuzu nyeupe, dereva Jeancy, mlo wa kwanza kabla ya mpaka. Aliwataja na wale wageni watatu, bila kuulizwa. Kisha aliomba maji, na baada ya maji alimwomba Mungu.

Nimbona alimfikishia Dominiki kila neno kupitia kile kifaa cha sikioni. Akangoja dakika thelathini na tano. Gustave alitapika mara mbili, kwa hofu tu.

"Limesimamishwa mji wa Newcastle, mbele ya Ladysmith," Dominiki alisema hatimaye. "Chumvi tumeikamata. Watu ishirini na mmoja wako salama."

"Walikuwa ishirini na wawili."

"Hardy, fundi simu. Alinunua yai la kuchemsha njiani. Akafungua pakiti."

Nimbona alikuwa amekusudia, habari njema ikifika, kumwambia Gustave kwamba chumvi aliyokula ilikuwa safi.

Badala yake aliirudisha Glock chini ya aproni.

"Maman, hospitali. Nimesema yote."

"Polisi wako njiani. Labda watakuwahi."

Aliufunga mlango nyuma yake.

Ghalani aliwatangazia wachimbaji kwamba posho imeharibika na safari imekufa. Warudi makwao. Pontien alivua taa kichwani polepole.

"We mpishi," alisema, "dhahabu ya wengine inakuuma nini?"

Nimbona alichota maji. Aliosha mwiko, akaulaza juu ya sufuria ukauke, akatoka kutafuta teksi.