Sabuni ya Mtego

Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025. Mvua ya masika ilikatika alfajiri, na jua likachomoza kali juu ya kijiji cha Ganda. Ndinda, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwenda shambani kumwaga maji ya mtego kabla ya kwenda shule.

Mtego ulikuwa taa ya sola iliyotundikwa juu ya beseni la maji. Usiku taa iliwavuta nondo wanaozaa viwavi wa nyanya, nao wakaanguka majini. Bwana Chengo, bwana shamba, aliagiza kitiwe kijiko cha sabuni ya unga kila jioni, na kazi hiyo akapewa Ndinda. Bila sabuni, nondo huelea juu ya maji kisha huruka zao.

Nyanya zile zilikuwa dua ya mama yake, Monicah. Zikivunwa, hangerudi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni, yaliyomchubua miguu miaka mitatu.

Asubuhi hiyo beseni halikuwa na nondo hata mmoja. Mama alisimama matutani na nyanya iliyotobolewa na viwavi mkononi. Bwana Chengo alikuwa naye, pamoja na Bi Mwanamina, mwenye shamba, na mjukuu wake Safaa, aliyesoma shule moja na Ndinda.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Bwana Chengo."

"Marahaba," walijibu.

"Ndinda, sabuni unatia?" aliuliza Bwana Chengo.

"Natia, kila jioni."

Safaa akacheka. "Mwacheni huyu! Tazameni shati lake, jeupe kama kanzu ya Ijumaa. Sisi wa sabuni ya kipande twaona haya kusimama naye gwarideni!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Mama alilitazama shati, kisha beseni.

"Pakiti iko wapi?"

"Imekwisha, Mama. Nimeifulia shati. Wiki mbili sasa."

Mama hakumchapa. Viwavi walikuwa wameenea kila mche; aling'oa wa kwanza, kisha wa pili. Kufikia adhuhuri miche yote ilikuwa imefukiwa shimoni, viwavi na nyanya pamoja.

"Panda tena vuli, shamba bado ni lako kulima," alisema Bi Mwanamina.

Bwana Chengo alitia sabuni mpya kwenye beseni, kuwanasa nondo waliobaki. "Mtego haukukosea. Amana ikiliwa kidogo kidogo, mwenyewe hajui mpaka njaa imwambie."

"Kesho narudi Marereni," Mama alisema. "Ndinda atabaki kwako, Bibi."

Ndinda alilia, kisha akasimama wima.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote, sitasema tena 'natia' kama sijatia."