Niliona Kosa la Diane, Nikanyamaza

Nina miaka ishirini na sita, binti wa fundi cherehani hapa Kigali. Watu wakiniona na koti jeupe la maabara wanasema nimefika. Nimefika wapi?

Chuoni nilisomea jeni: zipi zinaamka mmea ukiugua, zipi zinalala. Kazi kubwa hufanywa kwenye kompyuta. Rafiki yangu alikuwa Diane, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura. Tulipanga chumba kimoja Batsinda, tukila sahani moja.

Mwaka wa mwisho tulichuma majani ya mihogo Masaka, mengine mazima, mengine yenye ugonjwa wa batobato. Vichupa niliviandika mimi. Vya majani mazima niliviwekea M, yaani mzima. Vya majani yenye ugonjwa nikaviacha bila herufi. Kisha kila mmoja akachambua kivyake, kwa tasnifu yake.

Diane alisoma kwa Kifaransa tangu utotoni. Kwake M ilikuwa malade, mgonjwa! Kazi yake yote ikageuka juu chini. Jeni inayoukinga muhogo akaiita jeni ya ugonjwa.

Kosa nililiona wiki mbili kabla ya utetezi wa tasnifu, aliponionyesha michoro yake kwa furaha. Nilijua papo hapo. Nikamwambia, "Iko sawa."

Kwa nini? Nafasi ya kazi maabara ilikuwa moja, na Diane alinishinda kila mtihani... Wivu tu, ndugu zangu. Sina jina lingine la kuupa.

Siku ya utetezi mwalimu mmoja alizilinganisha kazi zetu. Akamuuliza Diane, hii M ni nini? Diane akanigeukia.

"Zaina, M si ni malade?"

Nikasema ni mzima, nilidhani anajua. Nilisema bila hata kumeza mate! Diane akafeli, ufadhili wake ukakatwa, akahamia Niboye kuuza katika duka la shangazi yake.

Siku anahama alinishika mikono yote miwili. "Unisamehe, Zaina. Nimekutia haya mbele ya walimu."

"Haina shida," nikamjibu. Haina shida!

Nafasi niliipata. Sikufurahi, sikulia. Hata sasa naandika macho makavu. Wiki iliyopita Diane alinipigia: anaolewa, anataka nisimame naye siku hiyo kwa kuwa hana dada. Nimekubali.

Wenzangu, ukiona kosa la mwenzio, mwambie siku hiyohiyo. Kesho yake mdomo unakuwa mzito, na keshokutwa haufunguki kabisa. Mimi nimeshindwa kumwambia yeye... nimewaambia ninyi.