Babu Melkiori Aachia Usukani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Evaline alimwandalia babu yake chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Babu Melkiori alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika kituo kimoja cha afya huko Kibaha. Alikunywa chai akiwa amesimama, sare yake imenyooshwa vizuri, simu mfukoni, kama mtu anayengoja kuitwa. Gari lake lilipopita karibu na shule likipiga king'ora, wanafunzi walimwambia Evaline, "Babu yako huyo," naye alijaa fahari.

Nyumbani lakini kulikuwa na jambo moja lisilokwisha. Bibi Adventina alitaka mumewe astaafu.

"Baba Eliya, wenzako ulioanza nao kazi wameshapumzika," alimwambia jioni moja. "Umri wa kustaafu kwa hiari umeshaupita. Shamba letu la Masaki limegeuka pori. Unangoja nini?"

"Nangoja sitini, kama sheria inavyosema," babu alijibu. "Mtu akikaa kitako nyumbani huota kutu."

Evaline alikuwa upande wa babu. Hata hivyo, alijua jambo ambalo bibi hakulijua. Kwa miezi kadhaa babu alikuwa akijigonga kwenye vitu vilivyokuwa kushoto kwake: mlango, kona ya meza, ndoo ya maji. Siku moja alikikanyaga kifaranga kilichokuwa kando ya mguu wake, kikafa.

"Ni uchovu tu," alimwambia Evaline. "Usimwambie bibi yako. Tumeelewana?"

"Ndiyo, babu."

Tangu siku hiyo Evaline alizoea kuondoa vitu njiani kabla babu hajapita. Alidhani anamsaidia.

Jumamosi moja babu alimpakia Evaline kwenye pikipiki, wakaenda kuliangalia shamba Masaki, wilayani Kisarawe. Jua lilikuwa limeshapanda. Wakiwa kwenye barabara ya vumbi, Evaline alimwona mwanamke akitembea ukingoni, upande wa kushoto, na ndoo ya maji kichwani. Alingoja babu apunguze mwendo au akwepe. Babu aliendelea moja kwa moja.

"Babu, kuna mtu!"

Babu alikata kulia, lakini usukani ulikwishamgusa yule mwanamke. Akaanguka mtaroni. Ndoo ikaviringika na maji yote yakamwagika. Babu alisimamisha pikipiki, akamkimbilia na kumwinua. Mkono wa mwanamke huyo ulikuwa umechubuka kuanzia kiwiko hadi kiganja.

"Nisamehe sana, mama. Sikukuona."

Yule mwanamke, ambaye jina lake lilikuwa Mwanamvua, alimtazama kwa mshangao zaidi kuliko kwa hasira. "Hukunionaje, baba, na jua lote hili?"

Babu alimpeleka kwenye zahanati, akangoja mpaka alipofungwa kidonda, kisha akamrudisha kwake. Babu na Evaline wakarudi Kibaha. Bibi alipouliza kwa nini kioo cha pikipiki kimevunjika, babu alisema, "Tuliteleza kwenye mchanga." Kisha akamwangalia Evaline. Evaline aliinamisha kichwa.

Jumatatu darasani, rafiki yake Laurensia alikuja akitabasamu. "Mama amejifungua salama. Hali yake ilibadilika ghafla, babu yako ndiye aliyempeleka hospitali. Baba anasema bila yeye tungempoteza."

Siku nyingine habari kama hiyo ingemfurahisha Evaline. Siku ile ilimtia baridi. Alimfikiria mama yake Laurensia amelala nyuma ya lile gari linalokimbia, na babu akiwa kwenye usukani, haoni watu walioko kushoto kwake.

Alipofika nyumbani alimkuta babu akifuta viatu barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea?"

"Babu, naomba umwambie bibi ukweli."

Mkono wa babu ukasimama juu ya kiatu. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia ninyamaze. Nimenyamaza, ila naogopa. Ungeweza kumuua yule mama."

"Nimeendesha magari tangu kabla baba yako hajazaliwa," babu alisema kwa ukali. "Mtoto hawezi kunifundisha barabara."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. "Mama yupi, Evaline?" aliuliza.

Evaline alilia, lakini alieleza yote: mlango, kifaranga, Mwanamvua na mkono wake. Bibi hakugomba. Alikwenda akasimama kushoto kwa mumewe, akanyoosha mkono kando ya kichwa chake.

"Tazama mbele, Baba Eliya. Nimenyoosha vidole vingapi?"

Babu alitazama mbele. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mkono wako uko wapi?"

Siku iliyofuata walikwenda hospitali. Daktari alimpima babu, akakuta ana presha ya macho. "Ugonjwa huu huiba uwezo wa kuona pembeni polepole, bila maumivu," alieleza. "Ulichopoteza hakirudi. Ungewahi, tungeokoa zaidi. Kilichobaki tutakilinda kwa dawa ya matone, na usiiache. Kuendesha, mzee wangu, imetosha."

Babu alikwenda kituoni mwenyewe, akamkabidhi mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, funguo za gari na kumweleza sababu. Kisha akaomba kustaafu. Kwa majuma kadhaa alizungumza na Evaline kwa shida, salamu tu, na jambo hilo lilimuumiza mtoto kuliko fimbo.

Babu na bibi walihamia Masaki, Evaline akahamia kwa baba yake, Eliya, hapo hapo Kibaha. Likizo ilipofika aliwafuata babu na bibi. Bibi alimweleza kwamba siku nyingine babu huamka alfajiri, akavaa viatu, ndipo akakumbuka kwamba hakuna anayemngoja.

Siku moja wakipalilia mihogo, babu aliegemea jembe lake.

"Nilidhani suala ni umri tu, niache kazi hamsini na tano au sitini," alisema. "Mwenye afya na afanye kazi hata uzeeni, hakuna aibu. Lakini anayejua hawezi tena, akanyamaza, anawadanganya wanaomtegemea. Mimi niliwadanganya. Tena nikakufundisha na wewe kudanganya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

"Ulinikasirikia, babu."

"Sana. Nawe ulikuwa umesema kweli. Ukilazimika kuchagua kati ya kumfurahisha umpendaye na kumwokoa, mwokoe. Hasira yangu imepoa, mjukuu wangu. Kama ningeua mtu, hilo lisingepoa kamwe."